Ulinganisho: tangi la kioo, kontena la plastiki au kabati la mbao kwa chatu-mpira mchanga anayeishi Mtwara

Mwalimu_Shangani (ameanzisha mada)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Natarajia kumpokea chatu-mpira mchanga, Python regius, aliyezaliwa kwenye ufugaji, ambaye kwa sasa ana urefu wa sentimita 58 na uzito wa gramu 170. Nyaraka zake za CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kibali cha kumtunza vimekamilika, hivyo ninachohitaji ni ushauri kuhusu kizimba tu. Nyumba yangu iko Shangani, karibu na bahari, ina paa la bati na dari, na chumba nilichomtengea kina dirisha moja linalotazama mashariki.

Nimesoma miongozo mingi, na karibu yote imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Vipimo vyenyewe havitofautiani sana: uso wa sehemu ya joto uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi uwe na nyuzi 24 hadi 27, usiku joto lisishuke chini ya nyuzi 22, na unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 55 na 70, ukipanda kidogo anapokaribia kujivua gamba. Kinachonitatiza ni njia za kuvifikia vipimo hivyo, kwa sababu zote zinaanzia kwenye chumba chenye nyuzi 20 na hewa kavu, wakati hapa kwetu mwezi wa Januari chumba hufika nyuzi 31 kabla sijawasha kitu chochote, na chumvi iliyo ndani ya kopo lililofungwa hulowa yenyewe.

Chaguo ni tatu. La kwanza ni tangi la kioo lililokuwa la samaki, lenye sentimita 90 kwa 45 kwa 45, ambalo nitalitengenezea kifuniko cha wavu wa chuma. La pili ni kontena la plastiki kama yale ya kuhifadhia nguo, lenye sentimita 60 kwa 40 na kina cha 30. La tatu ni kabati la plaiwudi lenye milango ya kioo ya kuteleza upande wa mbele, sentimita 120 kwa 60 kwa 60, ambalo fundi atalitengeneza na nyoka atakua nalo. Tafadhali msinishauri kwa kuangalia bei pekee. Nataka kujua ni lipi litakalomweka nyoka katika afya njema katika hali ya hewa ya pwani yetu.

Bi_Newala

Mwalimu, mimi ningeanza na kontena bila kusita. Porini, kuanzia Senegali hadi Uganda, chatu-mpira hushinda mchana ndani ya mashimo ya panya na kwenye vichuguu, mahali penye giza ambapo mwili wake unagusa kuta pande zote, naye hutoka jioni na usiku. Kontena lenye kuta zisizopitisha mwanga mwingi linamkaribishia hali hiyo kuliko kioo kinachomwacha wazi kila upande. Nyoka mchanga anayejiona amefichika hula, na nyoka wa aina hii asiyejiona amefichika anaweza kukataa chakula kwa wiki nyingi, jambo ambalo kwa mtoto wa gramu 170 si la kupuuzwa.

Faida ya pili ni usafi. Kontena unalitoa, unalisugua, unalisuuza na kulianika, kisha linarudi mahali pake ndani ya saa moja. Kwa wiki za mwanzo tandika magazeti yasiyo na picha za kung'aa, ili uone kinyesi chake kilivyo na ugundue utitiri mapema. Wale wadudu weusi wadogo kama mbegu za mchicha huonekana wazi juu ya karatasi na hupotea kabisa ndani ya tandiko la rangi ya udongo. Unapotoboa matundu ya hewa, toboa kutoka ndani kwenda nje, ili ile midomo mikali ya plastiki ibaki nje na isimkwaruze pua anapochunguza kuta usiku.

Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde usiku wa kipupwe ni wa baridi kweli, na plastiki yenye mfuniko imetunza joto na unyevu vizuri kuliko kitu kingine nilichowahi kukitumia.

Daktari_wa_Mifugo_Lindi

Ninaheshimu maelezo ya Bi Newala, lakini Newala si Shangani, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali la Mwalimu. Uwandani hewa hupoa na kukauka, kwa hiyo chombo kinachozuia unyevu kinamsaidia mfugaji. Pwani, kuanzia mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka hadi zinapokwisha mwezi wa Aprili au Mei, hewa ya nje yenyewe huwa na unyevu unaopita kiwango anachokihitaji nyoka huyu. Ukichukua hewa hiyo, ukaifungia ndani ya kontena lenye matundu machache, ukaongeza bakuli la maji na mkeka wa joto wa umeme unaoyafanya maji kuwa mvuke, utapata kuta zinazotoka jasho na tandiko lisilokauka kamwe.

Ninaomba tutofautishe mambo mawili ambayo miongozo mingi huyachanganya. Hewa yenye unyevu si adui wa chatu-mpira. Hata asilimia 75 anaivumilia vizuri iwapo hewa inazunguka na sehemu anayolalia ni kavu. Adui ni tandiko bichi chini ya tumbo pamoja na hewa iliyosimama. Magamba ya tumbo yanayolala kwenye unyevu siku baada ya siku hubadilika rangi kuwa ya kahawia au nyekundu, huvimba, kisha huanza kuoza. Upande wa mapafu, bakteria na virusi hupata nafasi, na dalili zake ni nyoka kupumua akiwa amefungua mdomo, kuinua kichwa juu kwa muda mrefu, kutoa sauti ya kukoroma, na kuonyesha mapovu au makamasi puani na kwenye kingo za mdomo. Nyoka hana kiwambo kinachomwezesha kukohoa na kusafisha njia ya hewa kama sisi, hivyo ute ukishajikusanya humwelemea haraka. Ukiona dalili hizo, mtafute daktari siku hiyohiyo, wala usisubiri kuona kama atapona mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, Mwalimu, anza kwa kujiuliza hewa itaingia wapi na itatoka wapi. Maswali ya kuongeza joto na kuongeza unyevu, ambayo wenzetu wa nchi za baridi huyatanguliza, kwako yanakuja baadaye. Kabati la mbao linakuruhusu kupanga njia ya hewa upendavyo: matundu ya chini upande wa baridi na matundu ya juu upande wa joto, ili hewa iliyopata moto ipande, itoke, na kuivuta hewa mpya kutoka upande wa pili. Kontena linaweza kutobolewa kwa mpango huohuo, na likitobolewa vya kutosha silipingi kwa miezi michache ya mwanzo. Lakini kontena lenye vitundu vichache kwenye mfuniko, kama wengi wanavyolitumia, silipendekezi hata kidogo kwa mtu anayeishi karibu na bahari.

Mkazi_wa_Masasi

Naomba nilitetee tangi la kioo kidogo, maana naona limehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Kifuniko cha wavu ambacho Wazungu hukilalamikia kwa sababu kinapoteza unyevu kinaweza kuwa msaada kwa mtu wa pwani wakati wa mvua, kwa kuwa mvuke unatoka wenyewe. Kioo hakinywi maji, hakiliwi na mchwa, na utitiri hauna ufa wa kujificha. Ukibandika karatasi nyeusi nje ya pande tatu, ukaacha mbele tu, nyoka hatajiona yuko uwanjani.

Tahadhari yangu ni moja, nayo ni kubwa. Dirisha lako linatazama mashariki. Jua la asubuhi likipiga kwenye kioo, joto la ndani hupanda ndani ya muda mfupi, na nyoka hana pa kukimbilia. Kizimba cha aina yoyote, na hasa cha kioo, kikae kwenye ukuta ambao mwale wa jua haufiki saa yoyote ya mchana, mwezi wowote wa mwaka.

Daktari_wa_Mifugo_Lindi

Nakubaliana na ndugu wa Masasi kuhusu dirisha. Kuhusu kifuniko cha wavu ninabaki na shaka, kwa sababu tangi lina tundu juu peke yake, na hewa nzito ya chini haina mlango. Zaidi ya hapo, kila unapotaka kubadilisha maji unaingiza mkono kutoka juu, na kwa mnyama ambaye maadui zake wakubwa ni ndege wawindaji, kivuli kinachoshuka juu ya kichwa chake kinamtia hofu. Mlango wa mbele unaondoa tatizo hilo, na nyoka mchanga huzoea mkono wa mtunzaji mapema zaidi.

Fundi_Mikindani

Mimi ni seremala, na nimewahi kutengeneza makabati ya aina hii kwa watu wenye vibali. Mwalimu, kama utachagua mbao, kuna mambo ambayo mteja akinyamaza fundi hatayajua, na nyoka ndiye atakayeumia.

La kwanza ni dawa. Mbao nyingi zinazouzwa zimepakwa dawa ya mchwa, na nyingine zimepakwa oili chafu ya magari. Hizo hazifai kabisa ndani ya kizimba, kwa kuwa mvuke wake hutoka kwa miezi, hasa sehemu yenye joto. Nunua plaiwudi safi isiyopakwa kitu, uinuse kabla ya kulipa. Epuka pia zile bodi za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, maana zikipata maji kwenye kingo huvimba kama mkate, na hewa ya Mikindani peke yake inatosha kuziharibu. Wapo wanaoniomba niwatengenezee kwa mvule au mninga kwa ajili ya uzuri. Kwa fremu ya nje sina pingamizi, lakini maranda na vumbi la mbao hizo visitumike kama tandiko; vumbi la mvule linatuwasha pua na macho sisi mafundi, sembuse kiumbe anayetambaa ndani yake usiku kucha.

La pili ni kuziba. Ndani paka vanishi ya maji tabaka tatu, ukizingatia zaidi kingo zilizokatwa, kisha ziba kila kiungo kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kuanzia sakafuni hadi kwenye pembe za juu. Hapo maji hayapenyi, na utitiri aliousema Bi Newala haupati ufa. Kabati likimalizika liache wazi mahali penye upepo kwa wiki mbili hadi usisikie harufu hata ukiingiza kichwa ndani.

La tatu ni wavu wa matundu ya hewa. Tafadhali msikate kipande cha chandarua cha mbu mkakibandika. Vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ndani ya nyuzi zake, na dawa hiyo ina madhara kwa wanyama watambaao. Tumia wavu wa chuma wa madirisha, uubane kwa nje ya tundu, na kingo za tundu uzipige msasa hadi ziwe laini kwa kidole, kwa sababu nyoka atasugua pua yake hapo.

La mwisho ni miguu. Kabati likae juu ya stendi ya chuma yenye urefu wa sentimita 40 hivi, na kila mguu uingie kwenye kopo lenye maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo. Mchwa hawatapanda, na siafu pia hawatapanda. Siafu wakiingia kwenye kizimba kilichofungwa, mnyama aliyemo ndani hana pa kwenda. Mafuta ya taa watu wengi huyapenda kwa kazi hiyo, lakini mvuke wake utaingia kwa nyoka, kwa hiyo yaacheni.

Mwalimu_Shangani

Ahsante sana, Fundi, na ahsante Daktari. Maelezo haya yamenisogeza kutoka kwenye kontena kuelekea kwenye kabati, lakini hoja moja ya Bi Newala bado haijajibiwa. Je, nyoka wa sentimita 58 ndani ya kabati la sentimita 120 hatapotea na kukataa kula? Vilevile, naomba ushauri kuhusu tandiko na maficho, nikizingatia kwamba vitu vya dukani vilivyotajwa kwenye miongozo havipatikani Mtwara.

Bi_Newala

Mwalimu, hoja ya Daktari kuhusu hewa nimeielewa, nami nikiwa pwani ningetoboa kontena langu kwa wingi zaidi. Kuhusu ukubwa, baada ya kuwaangalia nyoka wadogo kwa muda mrefu, naona kinachowatisha ni eneo tupu. Kabati kubwa lenye maficho mawili pembeni na jangwa katikati litamfanya agome. Kabati hilohilo likijazwa majani makavu, vipande vya magome, matawi yaliyolala na mimea ya plastiki, kiasi kwamba nyoka anaweza kutoka upande mmoja hadi mwingine bila mgongo wake kuonekana, atalizunguka lote kwa raha. Kama una wasiwasi, weka kizuizi cha ubao katikati kwa miezi ya mwanzo, ila nusu utakayompa iwe na pande zote mbili, ya joto na ya baridi, pamoja na matundu yake ya hewa.

Kwa maficho, nenda kwa akina mama wanaofinyanga vyungu. Chungu kidogo kilichopinduliwa, chenye mlango uliotobolewa ubavuni kabla ya kuchomwa, ni maficho mazuri kuliko yale ya plastiki ya kuagiza. Mlango uwe na upana unaomtosha kupita na si zaidi, na ndani awe anagusa kuta akijikunja. Lazima viwe viwili vinavyofanana, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa baridi. Ukiweka kimoja tu, nyoka atachagua usalama na kuliacha joto analolihitaji kumeng'enya chakula, au atavumilia joto linalomzidi kwa sababu tu hapo ndipo palipo na giza. Chungu cha tatu, chenye makumbi ya nazi yaliyoloanishwa na kukamuliwa, kiweke katikati macho yake yanapogeuka kuwa na ukungu wa buluu, ili gamba litoke kipande kimoja kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia. Akishajivua, kiondoe.

Mkazi_wa_Masasi

Kuhusu tandiko, watu wa Lindi na Mtwara mmekalia hazina. Makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa ndiyo hayohayo ambayo wafugaji wa ng'ambo huyanunua yakiwa yamebanwa kama matofali. Yanapokea maji yanapozidi na kuyaachia hewa inapokauka, na hayashiki ukungu kirahisi. Ila uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyokuwa yamefukiwa kwenye matope ya bahari ili kutolewa usumba wa kusokota kamba yana chumvi nyingi. Yaloweke kwenye maji baridi, umwage, urudie hadi ukionja maji yasiwe na chumvi, kisha yaanike juani hadi yakauke kabisa kabla ya kuyatandika kwa kina cha sentimita 5 hivi.

Mhifadhi_Kusini

Ndugu zangu, naomba niongeze jambo la majani makavu, kwa kuwa hapa kwetu lina hatari ya pekee. Watu wengi watakimbilia kuokota majani chini ya mikorosho kwa sababu yapo kila mahali na ni mapana. Kuanzia mwezi wa Mei na Juni mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na baadaye viuatilifu vya wadudu, na mabaki yake hukaa juu ya majani hayo. Okota majani ya mwembe au mkungu kutoka kwenye ua usiopuliziwa chochote, yachemshe, kisha yaanike. Kwa wanaoishi karibu na mashamba, siku za kupulizia fungeni madirisha ya chumba cha nyoka upande unaotoka upepo, maana vumbi la salfa husafiri mbali na huwasha njia ya hewa. Dawa za mbu za kuchoma na za kupuliza zisitumike kabisa ndani ya chumba hicho.

Mwalimu amesema vibali vyake vimekamilika na anahitaji ushauri wa kizimba tu, nami nitaheshimu ombi lake, ila wapo watakaousoma uzi huu bila kuwa na vibali. Chatu mnayemwona mashambani kwetu ni Python natalensis. Hukua hadi kupita mita 4, yeye ni mnyamapori anayelindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtoto wake hawezi kuwa mbadala wa chatu-mpira. Kadhalika chatu-mpira si mnyama wa Tanzania, na akitoroka anaweza kuwapa chatu wa porini vimelea na magonjwa wasiyoyazoea. Milango ya kioo ya kuteleza ifungwe kwa kufuli la kubana la kabati za maduka. Kwa usalama wa nyoka mwenyewe pia, kwa sababu jirani atakayemkuta uani hatauliza ni wa aina gani.

Mtu asiyeona sababu ya kugharamia kabati imara akumbuke kwamba mnyama huyu akitunzwa vema huishi miaka 20 hadi 30, na katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike anayekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai mwaka 2020.

Mwalimu_Shangani

Nimeamua kabati. Daktari, limebaki suala la joto. Je, mkeka wa joto unafaa kwenye mbao, au niweke taa? Na nifanye nini umeme unapokatika?

Daktari_wa_Mifugo_Lindi

Mkeka wa joto chini ya ubao wa plaiwudi hausaidii, kwa sababu ubao unazuia joto na mkeka wenyewe unaweza kuunguza. Tumia balbu ya seramiki isiyotoa mwanga, ifungwe darini mwa kabati upande wa joto, izungushiwe kizimba cha waya ambacho nyoka hawezi kukikumbatia, na iongozwe na themostati, yaani kifaa kinachoizima na kuiwasha chenyewe kulingana na joto. Themostati si kitu cha kuongeza baadaye pesa zikipatikana. Bila hiyo usiwashe kifaa chochote cha joto. Kihisi chake kiwekwe ndani ya eneo la joto, usawa wa mgongo wa nyoka, kikiwa kimefungwa imara ili asikisogeze, kwani kihisi kilichosukumwa kwenye bakuli la maji kitaamini kuwa kuna baridi na kitaacha balbu iendelee kuwaka.

Kwa pwani, balbu hiyo itazimika yenyewe saa nyingi za mchana kuanzia Novemba hadi Machi, na hilo ni jema. Kazi yako ngumu miezi hiyo itakuwa upande wa baridi. Hewa inayozidi nyuzi 35 kwa muda mrefu inaweza kumletea madhara ya neva na hata kumuua, na chumba kilicho chini ya bati hufika huko kirahisi ikiwa dari haina nafasi ya hewa. Weka kabati kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, chini iwezekanavyo, fungua dirisha, tumia feni kwa ajili ya chumba bila kuielekeza kwenye matundu, na siku za joto kali egemeza chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa taulo, nje ya ukuta wa upande wa baridi.

Umeme ukikatika mchana wa kiangazi, kuzimika kwa balbu si jambo la kuhofia. Ukikatika usiku wa Juni au Julai, upepo wa kusi ukivuma, kabati la mbao litapoa polepole kuliko kioo au plastiki. Lifunike blanketi bila kuziba matundu, na weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo ndani ya upande wa joto. Usiku mmoja wa nyuzi 20 hautamdhuru nyoka mwenye afya, isipokuwa awe amemeza chakula karibuni, kwa kuwa panya anaweza kuozea tumboni na nyoka akamtapika. Kwa hiyo ikiwa kuna taarifa ya umeme kukatwa, ahirisha siku ya kumlisha.

Kuhusu mwanga, huhitaji kujisumbua. Urefu wa mchana wetu haupishani sana na wa Ghana, Togo na Benini wanakotoka nyoka hawa, na mwanga wa dirishani unatosha kumwonyesha usiku na mchana. Taa hafifu ya urujuanimno (UV) ina faida, lakini ni hiari.

Fundi_Mikindani

Daktari, naomba vipimo vya matundu ili nisikisie. Na je, wakati wa kusi hayatakuwa mengi mno?

Daktari_wa_Mifugo_Lindi

Fundi, tengeneza tundu moja refu la sentimita 30 kwa 6 ubavuni upande wa baridi, sentimita 10 juu ya sakafu ili tandiko lisimwagike, na jingine la ukubwa huo mgongoni upande wa joto, karibu na dari. Kila tundu liwe na kibao cha kuteleza kwa nje, ili Mwalimu aweze kulifunga nusu yake mwezi wa Juni hewa inapopoa na kulifungua lote mvua zinapoanza.

Mwalimu, kabla nyoka hajaingia, endesha kabati likiwa tupu kwa wiki nzima, likiwa na tandiko, vyungu na bakuli la maji vyote mahali pake. Weka vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya, kimoja ndani ya kila chungu, na kipima unyevu katikati. Vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso, vilivyoenea wakati wa UVIKO, vingi vimetengenezwa kwa ajili ya joto la mwili wa binadamu na havitakupa jibu sahihi kuhusu uso wa chungu. Soma alfajiri, saa nane mchana na saa nne usiku, uandike. Saa nane mchana ndiyo itakayotuambia ukweli kuhusu bati lako. Upande wa baridi ukizidi nyuzi 29 saa hiyo, usimwingize nyoka kwanza. Tuletee hapa namba zako, tuzitazame pamoja kabla hujampokea. Akishaingia, mwache siku saba bila kumshika, umbadilishie maji tu.